Arvid Carlsson

Arvid Carlsson (Uppsala, 25 Januari 1923 – Gothenburg, 29 Juni 2018) alikuwa daktari na mwanasayansi wa Uswidi aliyetumia takribani miaka 60 ya maisha yake kuchunguza kemikali za ubongo. Katika miaka ya 1957 na 1958 yeye na wenzake walionyesha kwamba dopamini inafanya kazi yake yenyewe ndani ya ubongo, ilhali hadi wakati huo ilidhaniwa kuwa ni hatua tu ya njiani katika utengenezaji wa noradrenalini. Ugunduzi huo ulifungua njia ya tiba ya ugonjwa wa Parkinson na ulisaidia kueleza jinsi dawa za skizofrenia zinavyofanya kazi. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel wa Marekani.

Maisha ya awali

Carlsson alizaliwa katika familia ya wasomi wa historia. Baba yake, Gottfrid Carlsson, alikuwa mwanahistoria aliyepata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Lund, kusini mwa Uswidi, na familia ikahamia huko Arvid akiwa na umri wa miaka mitatu. Mama yake, Lizzie, alipenda elimu hiyohiyo na aliifanyia utafiti kwa muda aliobaki nao baada ya malezi ya watoto wanne. Ndugu zake wakubwa walifuata masomo ya sanaa kama wazazi wao. Arvid akaenda njia nyingine: mwaka 1941 alianza kusomea udaktari hapohapo Lund.

Uswidi haikupigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini vita viliwafikia wanafunzi wa Lund kwa namna yake. Wafungwa waliotolewa katika kambi za mateso za Wanazi kwa juhudi za Folke Bernadotte walipelekwa huko, na Carlsson, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa miongoni mwa waliowapima. Wengi walikuwa wamedhoofika kwa njaa na kifua kikuu. Alieleza baadaye kwamba hali ya akili ya watu wale ilimgusa kuliko hata hali ya miili yao.

Mwaka 1951 alihitimu udaktari na kupata shahada ya uzamivu, kisha akabaki chuoni kufundisha famakolojia, yaani elimu ya namna dawa zinavyotenda kazi mwilini. Utafiti wake wa kwanza haukuhusu ubongo hata kidogo. Alichunguza jinsi mwili unavyotumia kalisi, hasa katika mifupa, kwa kutumia isotopu zenye unururifu. Ilikuwa kazi nzuri, lakini alipoomba nafasi ya juu chuoni wataalamu waliopima maombi hayo waliona kwamba kalisi si kiini cha famakolojia, na nafasi akapewa mwingine. Kushindwa huko ndiko kulikombadilishia mwelekeo. Alimwomba mwenzake Sune Bergström, mwanakemia ambaye naye alikuja kupata Nobel mwaka 1982, amtafutie maabara nzuri nchini Marekani ambako angeweza kujifunza jambo jipya.

Bethesda na mmea wa Kihindi

Alipata nafasi katika maabara ya Bernard Brodie, kwenye taasisi za taifa za afya huko Bethesda, karibu na Washington, na alikaa huko miezi kama mitano kati ya mwaka 1955 na 1956. Muda ulikuwa mfupi, ila alifika wakati wake hasa. Maabara hiyo ilikuwa na kifaa kipya cha kupima kemikali kwa mwangaza unaotoka ndani yake zinapomulikwa, na kwa kifaa hicho iliwezekana kupima viasi vidogo sana ambavyo zamani havikuonekana.

Brodie na wenzake walikuwa wametoka kugundua jambo la ajabu kuhusu dawa iitwayo reserpini. Dawa hiyo ilitolewa mwaka 1952 katika mizizi ya Rauvolfia serpentina, kichaka ambacho waganga wa India walikitumia kwa karne nyingi kutuliza watu waliorukwa na akili. (Msesewe, ambao magome yake hutiwa katika mbege huko Kilimanjaro, ni mti wa jenasi hiyohiyo.) Madaktari wa Ulaya na Marekani waliitumia reserpini kwa shinikizo la damu na kwa wagonjwa wa skizofrenia. Maabara ya Brodie ilionyesha kwamba mnyama akipewa reserpini, serotonini karibu yote hutoweka katika ubongo wake. Kwa mara ya kwanza palikuwa na uzi unaounganisha vitu vitatu: dawa, kemikali fulani ya ubongo na tabia.

Carlsson alipendekeza wachunguze pia kama reserpini inagusa noradrenalini na jamaa zake. Brodie hakuvutiwa, aliamini kwamba serotonini peke yake inatosha kueleza kila kitu. Carlsson akalibeba swali hilo hadi nyumbani.

Sungura walioamka

Alipofika Lund alishirikiana na Nils-Åke Hillarp, mtaalamu wa tishu mwenye subira kubwa ya darubini. Haikuchukua muda kuona kwamba reserpini huondoa pia adrenalini na noradrenalini katika tezi za adrenali na katika neva. Yaani serotonini haikuwa peke yake.

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Sungura aliyepewa reserpini hulala kimya, masikio yameanguka, hajongei hata akiguswa. Je, amelemazwa kwa kukosa serotonini, au kwa kukosa kitu kingine? Carlsson, pamoja na Margit Lindqvist na Tor Magnusson, waliamua kumrudishia sungura malighafi ya kemikali hizo na kutazama ni ipi itakayomwamsha. Noradrenalini yenyewe ikidungwa kwenye damu haipenyi kuingia katika ubongo. Mtangulizi wake, L-dopa, hupenya. Vivyo hivyo serotonini ina mtangulizi wake.

Walipodunga mtangulizi wa serotonini, sungura hakuamka. Walipodunga L-dopa, sungura aliyekuwa kama mzoga aliinua masikio na katika muda wa kama robo saa akawa anarukaruka kama kawaida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1957.

Mtafiti mwenye haraka angetangaza hapo kwamba noradrenalini ndiyo iliyomwamsha mnyama. Kundi la Lund lilipima kwanza. Katika ubongo wa sungura walioamka noradrenalini ilikuwa bado imetoweka kama mwanzo! Basi kilichofanya kazi kilikuwa kitu kilichopo kati ya L-dopa na noradrenalini katika mnyororo wa utengenezaji, nacho ni dopamini.

Dopamini haikuwa kemikali mpya. Ilitengenezwa maabara Uingereza tangu mwaka 1910, na mwaka uleule wa 1957 Kathleen Montagu, pia Uingereza, alitoa taarifa kwamba ipo katika ubongo. Hata hivyo karibu kila mtu aliiona kama kituo cha kupitia tu. Carlsson na wenzake, safari hii pamoja na Bertil Waldeck, walibuni njia ya kuipima na mwaka 1958 wakaeleza katika jarida la Science kwamba ubongo una dopamini kwa kiasi kinacholingana na noradrenalini, kwamba reserpini huiondoa, na kwamba L-dopa huirudisha. Kama ingekuwa ya kupitia tu, isingerundikana kiasi hicho.

Hapohapo Lund, vijana wawili, Åke Bertler na Evald Rosengren, walipima sehemu mbalimbali za ubongo na kukuta kwamba sehemu kubwa ya dopamini imo katika striatamu, eneo la ndani linaloongoza mijongeo ya mwili. Wakati huo madaktari walikuwa wanajua vizuri kwamba watu waliotumia reserpini kwa wingi hupata kutetemeka na kukakamaa kama wagonjwa wa Parkinson. Ukiziweka taarifa hizo mbili pamoja, jibu linajitokeza lenyewe, na Carlsson alilisema: ugonjwa wa Parkinson una uhusiano na upungufu wa dopamini.

Mkutano wa London

Machi 1960 wataalamu wakubwa wa fani hiyo walikutana London. Carlsson alikwenda na matokeo yake akitarajia mjadala. Alichokipata ni mashaka. Mwenye sauti kuu katika kikao alikuwa Sir Henry Dale, mshindi wa Nobel wa mwaka 1936, mtu aliyechangia kuliko karibu wote kuthibitisha kwamba neva za mwilini hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Kwa ubongo wenyewe, hata hivyo, wengi walikuwa bado wanaamini kwamba mawasiliano ni ya umeme. Dale aliiona L-dopa kuwa ni aina ya sumu, na katika majumuisho ya mkutano kazi ya Uswidi haikuhesabiwa kuwa imeonyesha lolote la uhakika kuhusu utendaji wa ubongo.

Ni vyema msomaji asiwaone wazee wale kuwa wajinga. Walichokidai kilikuwa halali: kama dopamini imo katika ubongo, imo wapi hasa? Ikiwa imeelea popote pale, huwezi kudai kwamba seli za neva huitumia kupeleka ujumbe. Kujibu swali hilo kulihitaji kuiona kwa macho.

Carlsson alikuwa ameshateuliwa mwaka 1959 kuwa profesa wa famakolojia katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, na Hillarp alijiunga naye huko kwa muda. Hillarp na Bengt Falck walibuni njia ya kuweka vipande vyembamba vya tishu katika mvuke wa fomaldehidi, na mwaka 1962 waliieleza mbele ya wenzao. Kemikali za jamii ya dopamini na noradrenalini hung'aa rangi ya kijani chini ya darubini maalumu, na serotonini hung'aa njano. Sasa ilionekana wazi kwamba zimo ndani ya seli za neva, zimejaa kwenye ncha za nyuzi zake, mahali hasa ambapo ujumbe hutolewa. Baada ya hapo ubishi ulipungua haraka. Hillarp alifariki mwaka 1965, akiwa hajafika miaka 50, na jina lake halifahamiki nje ya fani kwa kiasi linachostahili.

Ugonjwa wa Parkinson

Kutoka kwa sungura hadi kwa binadamu kazi ilifanywa na wengine. Huko Vienna, Oleh Hornykiewicz aliposoma taarifa za Lund alianza kupima ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1960 yeye na Herbert Ehringer walichapisha matokeo: dopamini ya striatamu ilikuwa imepungua mno. Mwaka uliofuata Walther Birkmayer aliwadunga wagonjwa L-dopa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka waliweza kusimama na kutembea, ingawa kwa muda mfupi. Mwaka 1967 George Cotzias, nchini Marekani, alionyesha kwamba dozi kubwa za kumeza, zikiongezwa polepole, huleta nafuu ya kudumu zaidi. Tangu hapo L-dopa imebaki kuwa tiba kuu ya ugonjwa huo. Haiponyi, kwa maana seli zinazotengeneza dopamini huendelea kufa, lakini humrudishia mgonjwa miaka ya kujilisha, kujivika na kutembea mwenyewe. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, japo katika nchi nyingi za Afrika si rahisi kuipata nje ya miji mikubwa.

Fumbo la klorpromazini

Katika magonjwa ya akili mchango mkubwa wa Carlsson ulitokana na fumbo moja. Tangu mwaka 1952 madaktari walikuwa na klorpromazini, dawa ya kwanza iliyopunguza kweli dalili za skizofrenia: sauti zisizokuwepo, hofu za kuandamwa, mawazo yaliyovurugika. Haloperidoli ilifuata baadaye. Athari zake zilifanana sana na za reserpini, hata ule ukakamavu wa mwili. Lakini ukipima ubongo wa mnyama aliyepewa klorpromazini, dopamini na noradrenalini hazijapungua. Zimo vilevile. Inakuwaje dawa mbili zilete matokeo yaleyale, moja ikiwa imemaliza akiba na nyingine haikuigusa?

Mwaka 1963 Carlsson na Margit Lindqvist waliwapa panya klorpromazini na haloperidoli, wakapima mabaki yanayotokea baada ya dopamini na noradrenalini kutumika. Akiba haikubadilika, ila mabaki yaliongezeka. Hii ilimaanisha kwamba seli zilikuwa zinatoa kemikali kwa wingi kuliko kawaida na kutengeneza nyingine kufidia.

Maelezo yao yanaeleweka kwa mfano wa mlango. Seli ya neva hutoa dopamini katika mwanya mwembamba uitwao sinapsi, nayo huenda kushika vipokezi vya seli ya pili kama ufunguo unavyoingia katika kitasa. Reserpini huondoa funguo. Klorpromazini huziba tundu la kitasa. Katika hali zote mbili mlango haufunguki, lakini katika hii ya pili aliye nje, akiona hafunguliwi, huongeza bidii ya kujaribu. Ongezeko la mabaki lilikuwa alama ya bidii hiyo.

Makala ilikuwa fupi na ushahidi wake haukuwa wa moja kwa moja. Vipokezi vyenyewe havikupimwa hadi katikati ya miaka ya 1970, kwa kazi za Philip Seeman huko Kanada na Solomon Snyder huko Marekani. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba nguvu ya dawa hizi kwa wagonjwa inakwenda sambamba na uwezo wake wa kushika vipokezi vya dopamini. Kutokana na hapo ilikua nadharia kwamba katika skizofrenia utendaji wa dopamini umezidi kiasi. Pia ilieleweka kwa nini mgonjwa anayetumia haloperidoli huweza kutetemeka mikono na kutembea kwa kujikaza: dawa inayoziba vipokezi ili kutuliza akili inaviziba pia katika striatamu, na kuleta hali kama ya Parkinson. Hilo ni jambo ambalo familia nyingi hulidhani kuwa ni ugonjwa wenyewe unaozidi, na kuacha dawa ghafla bila kumwambia daktari.

Carlsson mwenyewe hakuishia kwenye dopamini. Alijua kwamba nadharia hiyo haielezi kila dalili, hasa ule uzito wa kujitenga na kukosa hamu ya lolote, na kwamba wagonjwa wengine hawapati nafuu. Kuanzia miaka ya 1980 alifanya kazi na binti yake Maria juu ya uhusiano kati ya dopamini na glutamati, na alitafuta dawa ambazo badala ya kuziba vipokezi moja kwa moja zingesawazisha dopamini: kuipunguza inapozidi na kuiongeza inapopungua.

Sonona na zimelidini

Dawa za mwanzo za sonona zilizuia seli zisirudishe ndani noradrenalini zilizokwisha kuitoa, na watafiti wengi waliamini kwamba hapo ndipo penye nguvu zake. Carlsson aligundua kwamba baadhi yake huzuia pia urudishaji wa serotonini, na akaona pengine hiyo ndiyo inayoinua moyo wa mgonjwa. Akishirikiana na wanakemia wa kampuni ya Hässle, tawi la Astra, akiwemo Hans Corrodi, walianzia kwenye dawa ya mzio na kuibadilisha hadi wakapata zimelidini, mojawapo ya dawa za kwanza zinazolenga serotonini pekee.

Iliingia sokoni Ulaya mwaka 1982 kwa jina la Zelmid. Wagonjwa waliivumilia vizuri kuliko dawa za zamani. Kisha ikaonekana kwamba wachache wao walipata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao hupoozesha viungo, na mwaka 1983 iliondolewa. Dawa nyingine za kundi hilo zilifuata bila tatizo hilo, na iliyopata umaarufu zaidi, Prozac, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ni haki kusema kwamba njia ilipasuliwa Gothenburg na mavuno yakachumwa kwingine.

Mzozo wa floridi

Nchini kwake Carlsson alijulikana pia kwa jambo lisilohusu akili. Uswidi ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu kutia floridi katika maji ya bomba ili kuzuia meno kuoza. Carlsson aliipinga hadharani. Hoja yake ilikuwa ya kifamakolojia: dawa hutolewa kwa kipimo kulingana na mtu, na maji hayajui anayeyanywa ni mtoto au mzee, wala kwamba mmoja hunywa glasi mbili na mwingine kumi. Bunge lilifuta sheria hiyo mwaka 1971. Wataalamu wengi wa afya ya meno duniani hawakukubaliana naye, na nchi kama Marekani ziliendelea na utaratibu huo. Katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki tatizo ni la upande mwingine kabisa: sehemu za Arusha floridi imo ardhini kwa wingi, na meno ya kahawia ya wakazi wake hayatokani na mtu yeyote kuiweka.

Tuzo

Alipata Tuzo ya Wolf mwaka 1979 pamoja na Roger Sperry na Oleh Hornykiewicz, na Tuzo ya Japani mwaka 1994. Ile ya Nobel ilikuja mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 77 na amestaafu tangu 1989. Greengard alituzwa kwa kueleza kinachotokea ndani ya seli baada ya dopamini kugusa kipokezi, na Kandel kwa utafiti wa kumbukumbu alioufanya kwa konokono wa baharini.

Uamuzi huo ulileta manung'uniko. Zaidi ya wanasayansi 200 walitia saini barua ya wazi wakisema kwamba Hornykiewicz ameachwa isivyo haki. Kanuni za Nobel haziruhusu zaidi ya watu watatu kwa tuzo moja, na kamati haielezi kwa nini fulani hakuchaguliwa. Kwa upande wa Carlsson hakuna aliyebisha kwamba alistahili.

Miaka ya mwisho

Carlsson alimwoa Ulla-Lisa Christoffersson mwaka 1945, wakapata watoto watano. Baada ya kustaafu hakuacha maabara. Alianzisha kampuni ya utafiti wa dawa huko Gothenburg, na mojawapo ya dawa alizozishughulikia, iliyopewa namba OSU6162, ilijaribiwa kwa wagonjwa wenye uchovu mkubwa wa akili baada ya kiharusi na majeraha ya kichwa. Aliendelea kuchapisha makala akiwa na zaidi ya miaka 90. Alifariki Gothenburg tarehe 29 Juni 2018, akiwa na umri wa miaka 95.